Mkwaju wa mwisho si pambo

Tuanze na mistari miwili ya Python, ambapo `urljoin` inaunganisha anwani ya ukurasa na kiungo kilichomo ndani yake. Tofauti yake ni alama moja tu, mkwaju (`/`) wa mwisho:

```
urljoin("https://mfano.example/vitabu/riwaya",  "sura1")
urljoin("https://mfano.example/vitabu/riwaya/", "sura1")
```

Wa kwanza unarudisha `https://mfano.example/vitabu/sura1`. Wa pili unarudisha `https://mfano.example/vitabu/riwaya/sura1`. Anayekutana na jambo hili mara ya kwanza hudhani maktaba ina kasoro, kwa sababu macho yake yanaiona "riwaya" kuwa folda, iwe na mkwaju mwishoni au isiwe nao. Kanuni za anwani hazijui folda. Zinachojua ni kwamba kilicho baada ya mkwaju wa mwisho ni jina la kitu ulichopo, na ukiita jirani yake, jina hilo linafutwa na la jirani linakaa mahali pake. Mkwaju ukiwa ndio alama ya mwisho, hakuna jina la kufuta, kwa hiyo jirani anaongezwa tu.

Kazi yangu kwa sehemu kubwa ni programu zinazosoma kurasa zilizotengenezwa na watu wengine: kukusanya viungo, kupakua picha, kuhamisha tovuti kongwe kwenda kwenye mifumo mipya. Humo ndani anwani tegemezi, yaani zile zisizoanza na `https://` bali na `../picha` au `/habari` au jina tupu, ndizo zinazokula muda kuliko watu wanavyokisia. Na msimamo wangu juu yake ni mkali kidogo: anwani tegemezi si anwani. Ni nusu ya anwani, na nusu ya pili iko kwingine. Ni kama kikaratasi kilichobandikwa mlangoni kikisema "rudi kesho" bila tarehe. Sentensi haina kosa, lakini kibandue ukakisome mahali pengine siku nyingine, hakikuambii kitu. Programu inayoichukua nusu hiyo peke yake, ikaiweka kwenye hifadhidata au ikaipitisha kutoka fanksheni moja hadi nyingine bila msingi wake, yaani anwani kamili inayopimwa dhidi yake, imeshapoteza habari, hata kama hitilafu yenyewe itajitokeza baada ya miezi.

Ubunifu huu ulikuwa wa makusudi. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, ameeleza kwamba alitaka mtu aweze kuunganisha ukurasa na mwenzake bila kulazimika kujua jina la seva inayozitoa kurasa hizo. Njia za mafaili za Unix zilikuwa tayari na alivyovihitaji, yaani mkwaju, nukta moja na nukta mbili, akazichukua kama zilivyo. Mikwaju miwili inayotangulia jina la seva aliiga kwenye kompyuta za Apollo, ambazo mfumo wake wa mafaili ya mtandaoni uliandika `//kompyuta/njia/ya/faili`. Mwaka 2009 alikiri hadharani kwamba mikwaju hiyo miwili haikuwa na ulazima. Mimi sina ugomvi nayo. Ninachoona kimetugharimu zaidi ni ule mfanano na njia za mafaili, maana unamfanya mwandishi wa programu aamini kwamba anachokishika ni njia ya faili, akaishughulikia kwa vifaa vya mafaili. Nitarudi kwenye hilo, kwa kuwa lina vituko vyake.

Kanuni zenyewe ziko kwenye waraka wa RFC 3986 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), wa Januari 2005, ulioandikwa na Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Anwani ina vipande vitano kwa mpangilio usiobadilika: itifaki, seva, njia, ulizo (kinachofuata alama ya kuuliza) na kipande cha ndani ya ukurasa (kinachofuata alama ya reli). Kutafsiri anwani tegemezi ni kuangalia inaanzia kwenye kipande kipi. Vile vilivyotangulia kipande hicho inaviazima kwenye msingi. Kuanzia hapo hadi mwisho inatumia vyake, na visivyoandikwa havipo. Njia peke yake ndiyo yenye mambo zaidi, kwa kuwa inaweza kuazimwa nusu: unachukua njia ya msingi hadi mkwaju wa mwisho, unaunganisha, kisha unaondoa nukta.

Waraka huo una jedwali la mifano ambalo kila anayeandika programu za wavuti angelipitia kwa kalamu na karatasi angalau mara moja. Msingi ni `http://a/b/c/d;p?q`. Nimechagua michache:

```
g            http://a/b/c/g
/g           http://a/g
//g          http://g
../g         http://a/b/g
../../../g   http://a/g
#s           http://a/b/c/d;p?q#s
?y           http://a/b/c/d;p?y
```

Tazama mstari wa tatu. `g` iliyokuwa ukurasa kwenye mistari miwili ya kwanza sasa imegeuka kuwa seva, kwa sababu tu ya mkwaju mmoja zaidi. Mstari wa tano nao una adabu yake: ukipanda ngazi kupita kilele, unabaki kileleni, na nukta zilizozidi zinatupwa kimyakimya. Kwenye mstari wa sita ulizo `?q` limebaki, kwa sababu anwani tegemezi imeanzia kwenye kipande cha mwisho kabisa, kwa hiyo vingine vyote vimeazimwa.

Mstari wa saba una historia. Waraka wa kwanza wa anwani tegemezi, RFC 1808 wa Juni 1995, ulisema `?y` inatoa `http://a/b/c/d;p?y`, yaani ukurasa uleule na ulizo jipya. Agosti 1998 ukaja RFC 2396, ukasema hapana, ni `http://a/b/c/?y`, jina la ukurasa linafutwa kwanza. RFC 3986 ukarudi kwenye jibu la mwaka 1995. Mabishano haya yangebaki ya wanazuoni kama si kwamba kuna programu zilizoandikwa katikati ya nyaraka hizo mbili. Darasa la `java.net.URI` la Java limejengwa juu ya RFC 2396, na maelezo yake rasmi bado yanautaja waraka huo. Sasa chukua ukurasa wa orodha ulioko `/duka/bidhaa`, wenye kiungo cha kuendelea kilichoandikwa `?ukurasa=2`. Kivinjari kinakwenda `/duka/bidhaa?ukurasa=2`. Programu ya Java inayotumia `resolve` inakwenda `/duka/?ukurasa=2`. Ikiwa `/duka/` nayo ipo na inajibu vizuri, hakuna kosa litakaloandikwa popote. Utakuwa unavuna ukurasa mwingine kabisa huku kumbukumbu za programu zikionyesha 200, 200, 200, yaani kila kitu sawa. Hitilafu inayopiga kelele ni rahisi kuishi nayo. Hii haipigi.

Java hiyohiyo inaziacha nukta zilizozidi kilele zilivyo, ikatoa `http://a/../../g` au kitu cha jamii hiyo kulingana na idadi ya ngazi, jambo ambalo RFC 2396 ililiruhusu. Python ilikuwa na tofauti zake pia hadi toleo la 3.5, ambapo `urljoin` ilirekebishwa ifuate RFC 3986. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimetumia maktaba, kwa hiyo niko salama," namuuliza: maktaba ya waraka upi?

Hata hivyo maktaba yoyote ni afadhali kuliko gundi. Kwa gundi namaanisha `msingi + "/" + njia`, ambayo ni mtindo unaoutambua kwenye kila mradi wa zamani kwa alama moja: anwani zenye mikwaju miwili katikati, `https://mfano.example//picha//1.jpg`. Seva nyingi huvumilia, ndiyo maana tabia haiishi. Halafu kuna ndugu yake, yule anayetumia vifaa vya mafaili. `os.path.join` ya Python kwenye Windows inaweka mkwaju wa nyuma (`\`) katikati ya anwani. Kwenye Linux ukiipa kipande cha pili kinachoanza na mkwaju, inakitupa cha kwanza chote, seva pamoja na itifaki, ikakurudishia `/picha/1.jpg` kana kwamba hukusema kitu. `path.join` ya Node inasafisha mikwaju iliyorudiwa, kwa hiyo `https://` inatoka ikiwa `https:/`, yenye mguu mmoja. Kila kifaa kati ya hivi kinafanya kazi yake barabara. Kazi yenyewe ndiyo siyo.

Sehemu inayonikera kuliko zote ni ile ya maktaba za kutuma maombi ya HTTP, zile zinazokuruhusu kuweka anwani ya msingi mara moja kisha ukaendelea kutaja njia fupifupi. Jina ni lilelile karibu kila mahali, maana ni mbili. Chukua msingi `https://mfano.example/api/v1` na njia `/watumiaji`. Kwenye `HttpClient` ya .NET, `BaseAddress` inafuata kanuni za waraka: mkwaju wa mwanzo unamaanisha kileleni, kwa hiyo ombi linakwenda `https://mfano.example/watumiaji`. Ukiondoa mkwaju huo ukaandika `watumiaji` tu, linakwenda `https://mfano.example/api/watumiaji`, kwa kuwa `v1` haina mkwaju nyuma yake nayo imefutwa kama ilivyofutwa "riwaya" pale juu. Mchanganyiko pekee unaofika ni msingi wenye mkwaju mwishoni na njia isiyo na mkwaju mwanzoni. Kwenye axios ya JavaScript na httpx ya Python, kinyume chake, kinachofanyika si kutafsiri bali ni kuunganisha: mikwaju inasawazishwa kwenye kiungio na unapata `/api/v1/watumiaji` vyovyote utakavyoandika.

Nani yuko sahihi? Kwa mtumiaji wa API, tabia ya axios ndiyo anayoitaka mara nyingi, nami siwezi kusema wamekosea. Ninachokataa ni kuviita vitu viwili kwa jina moja. Go imefanya vizuri zaidi kwa kuvitenganisha: `ResolveReference` inatafsiri kwa kanuni za waraka, na `JoinPath`, iliyoongezwa kwenye toleo la 1.19 mwaka 2022, inaunganisha njia. Ukisoma msimbo unajua mwandishi alikusudia nini. Unapohamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine, mahali pa kwanza pa kuangalia ni hapo, kabla ya kutafuta makosa kwingine.

Tuseme sasa una maktaba nzuri na unajua inafuata waraka upi. Bado kuna swali gumu kuliko hilo: msingi ni upi?

Jibu la haraka ni "anwani ya ukurasa niliouomba," na jibu hilo si sahihi. Msingi ni anwani ya ukurasa uliokujibu. Uliomba `http://mfano.example/makala/2`, seva ikakuelekeza kwa 301 kwenda `https://www.mfano.example/makala/2/`, maktaba ikafuata yenyewe bila kukusumbua, ukapata ukurasa wenye kiungo `picha/1.jpg`. Ukikitafsiri dhidi ya ulichoomba unapata `/makala/picha/1.jpg`. Picha iko `/makala/2/picha/1.jpg`. Maktaba nyingi zinakupa anwani ya mwisho, kwa mfano `response.url` kwenye requests ya Python na kwenye `fetch` ya kivinjari, ila ni lazima uiulize. Programu zinazopakua ukurasa sehemu moja na kuuchambua sehemu nyingine, huku zikipitisha maandishi ya HTML peke yake, zimekosa jibu hilo milele.

Huko kuelekezwa kwenyewe nako kunaweza kuwa tegemezi. RFC 2616 ya mwaka 1999 ilitaka kichwa cha `Location` kiwe na anwani kamili. Seva hazikusikia, zikawa zinatuma `Location: /ingia` na vivinjari vikizipokea bila shida, mpaka RFC 7231 ya mwaka 2014 ikahalalisha kilichokuwa kikifanyika. Kwa hiyo ukifuata maelekezo kwa mkono, kila hatua itafsiri dhidi ya hatua iliyotangulia, siyo dhidi ya ombi la kwanza.

Kisha kuna tagi ya `<base>`. Ukurasa ukiwa `https://mfano.example/makala/2/` na ndani yake kuna `<base href="/hifadhi/">`, basi `picha/1.jpg` ni `https://mfano.example/hifadhi/picha/1.jpg`. Zikiwepo tagi mbili za aina hiyo, ya kwanza yenye `href` ndiyo inayohesabiwa. Na `href` yenyewe yaweza kuwa tegemezi, kama hapa, hivyo inatafsiriwa kwanza dhidi ya anwani ya ukurasa kabla haijawa msingi wa vingine. Walioiweka ili wajirahisishie picha mara nyingi hushtuka kukuta kiungo cha `#juu`, kilichokuwa kikimrudisha msomaji mwanzo wa ukurasa, sasa kinamtoa nje hadi `/hifadhi/#juu`. Tagi inashika kila kiungo tegemezi, haichagui. Mimi siipendi, lakini programu inayosoma kurasa za wengine haina anasa ya kutoipenda. Lazima iitafute kabla ya kugusa kiungo chochote.

Ndani ya ukurasa mmoja pia misingi ni mingi. Faili la mitindo lililoko `/mitindo/rangi.css` likiandika `url(picha/a.png)`, picha hiyo ni `/mitindo/picha/a.png`, kwa sababu msingi wake ni anwani ya faili la mitindo, wala si ya ukurasa ulioliita. JavaScript ni tofauti, tena ina sura mbili. Faili lililopakiwa kutoka `/js/kazi.js` likiita `fetch("data.json")`, ombi linapimwa dhidi ya ukurasa, siyo dhidi ya faili. Faili hilohilo likiandika `import "./zana.js"`, linapata `/js/zana.js`, dhidi yake lenyewe. Mistari miwili iliyofuatana, misingi miwili. Anayetaka data iliyo jirani na moduli yake huandika `new URL("data.json", import.meta.url)`, na huo ndio ushauri ninaompa kila anayelalamika kwamba faili lake "linapotea" akifungua ukurasa mwingine.

Kisha pushState. Programu za ukurasa mmoja hubadilisha anwani iliyo juu ya kivinjari bila kupakia ukurasa upya, kwa `history.pushState`. Wengi huichukulia kama kubadilisha maandishi tu. Lakini anwani hiyo ndiyo ya ukurasa sasa, na kama hakuna `<base>`, ndiyo msingi wa kila anwani tegemezi itakayotafsiriwa kuanzia hapo. Picha zilizokwisha kupakiwa zinabaki. Zinazoongezwa baada ya msomaji kutoka `/bidhaa` kwenda `/bidhaa/12/maelezo` zinatafutwa chini ya `/bidhaa/12/`. Akipakia upya ukurasa uleule, hata faili la JavaScript lililoandikwa kwa njia tegemezi halipatikani, na anaona ukurasa mweupe. Kwa programu za namna hiyo naandika anwani zinazoanza na mkwaju, nikijua gharama yake: siku tovuti ikihamishwa kutoka kileleni kwenda kwenye folda ndogo, zote zitavunjika kwa pamoja. Kuvunjika kwa pamoja ni bora. Utaliona siku hiyohiyo.

Upande wa usalama ndipo tofauti ndogo za tafsiri zinapogeuka kuwa mlango. Mfano ninaoupenda ni ule wa ukurasa wa kuingia unaopokea `?rudi=/akaunti` ili mtu akishaingia arudishwe alikokuwa. Mwandishi anajua ni hatari kumrudisha mtu kwenye tovuti ya mwingine, hivyo anaweka ulinzi: kama thamani inaanza na mkwaju, ni ya kwetu, ruhusu. Mshambuliaji analeta `//mwizi.example`. Inaanza na mkwaju, na ni seva nyingine. Basi mwandishi anaongeza: isianze na mikwaju miwili. Mshambuliaji analeta `/\mwizi.example`.

Hapo ndipo panapovutia. `urljoin` ya Python, ikipewa msingi `https://mfano.example/`, inasema hiyo ni njia tu ndani ya `mfano.example`, na kwa mujibu wa RFC 3986 mkwaju wa nyuma hauna hadhi yoyote ya kutenganisha. Lakini vivinjari havifuati RFC 3986 herufi kwa herufi. Vinafuata kiwango cha WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari, kiitwacho URL Standard, ambacho kinasema kwamba kwa anwani za `http` na `https` mkwaju wa nyuma ni sawa na wa mbele. Kivinjari kinaona `//mwizi.example` na kinakwenda. Kiwango hicho pia kinaondoa tabo na mistari mipya iliyo katikati ya anwani, kwa hiyo hata mkwaju, tabo, mkwaju ni mikwaju miwili. Mlinzi na mgeni wanasoma karatasi moja kwa lugha mbili. Njia ninayoiamini ni kutafsiri kwanza hadi anwani kamili, kwa kifaa kinachofuata kanuni zilezile za atakayeitumia, kisha kulinganisha itifaki na seva na zile ninazozijua. Kupima herufi za mwanzo za anwani ambayo haijatafsiriwa ni kupima nusu ya kitu.

Jambo hilohilo liko upande wa seva, kwenye nukta mbili. `%2e` ni nukta iliyofichwa kwa usimbaji, na kiwango cha WHATWG kinaihesabu `%2e%2e` kuwa ni ngazi ya kupanda sawa na `..`. `%2F` kwa upande wake haihesabiwi kuwa mkwaju. Programu inayoondoa nukta kwanza na kufungua usimbaji baadaye inajikuta na nukta mpya baada ya ukaguzi kwisha. Oktoba 2021 Apache HTTP Server toleo la 2.4.49 lilikutwa na kasoro ya jamii hiyo, iliyosajiliwa kama CVE-2021-41773: njia yenye `.%2e/` ilipenya ukaguzi, na kwenye seva ambazo mafaili ya nje hayakufungwa kwa mipangilio, yaliweza kusomwa. Toleo la 2.4.50 likatoka kuirekebisha, na halikutosha, kwa sababu nukta zilizosimbwa mara mbili bado zilipita. La 2.4.51 ndilo lililofunga. Hao ni watu walioandika seva za wavuti kwa miongo, kwa hiyo sioni aibu yoyote kuiachia maktaba kazi hii.

Kuna pia anwani kamili inayojifanya tegemezi. `urljoin(msingi, kilichotoka_nje)` haikuhakikishii kwamba matokeo yatabaki kwenye msingi wako. Kilichotoka nje kikiwa `https://kwingine.example/`, msingi unatupwa wote, na hivyo ndivyo kanuni zinavyotaka. Maelezo rasmi ya Python yanalitahadharisha hilo. Programu inayopokea "njia" kutoka kwa mtumiaji kisha ikaenda kuchukua kitu kwa niaba yake ikague seva baada ya kuunganisha.

Kwenda kinyume, yaani kuchukua anwani mbili kamili na kutengeneza tegemezi kati yake, ni kazi nitakayoipitia haraka kwa kuwa wachache wanaihitaji: wanaotengeneza tovuti tuli zinazoweza kufunguliwa hata kutoka kwenye diski, au wanaohifadhi nakala za kurasa. `relativize` ya Java haitengenezi nukta mbili. Kama anwani moja haimo ndani ya nyingine, inakurudishia uliyoipa. `MakeRelativeUri` ya .NET inatengeneza. Ukijiandikia mwenyewe, kumbuka faili lenye nukta pacha kwenye jina, tuseme `sura:kwanza.html`. Liandike hivyo kwenye kiungo na kila msomaji wa anwani ataona itifaki iitwayo "sura". Waraka unataka uandike `./sura:kwanza.html`, na ile nukta na mkwaju, ambavyo kila msafishaji wa msimbo anatamani kuviondoa, vina kazi.

Vipi kuhusu kuhifadhi? Hapa naona watu wenye akili timamu wakitofautiana, na sababu zao ni nzuri pande zote. Kwa viungo vya ndani ya tovuti yako mwenyewe, hifadhi njia inayoanza na mkwaju na uache jina la seva nje, ili nakala ya majaribio isiwe inawapeleka watu kwenye tovuti halisi. Kwa viungo vilivyotoka kwa wengine, tafsiri mlangoni, mara tu vinapoingia, hifadhi anwani kamili, na kando yake weka maandishi ya asili pamoja na msingi uliotumika. Safu hizo mbili za ziada huonekana kama uchafu hadi siku utakapogundua kwamba msingi ulikuwa si wenyewe. Ukiwa nazo unatafsiri upya kwa usiku mmoja, bila hizo unavuna upya tovuti nzima, kama bado ipo.

Na kabla ya kutuma kitu chochote nje ya wavuti, tafsiri tena. Barua pepe haina anwani ya ukurasa, kwa hiyo `<img src="/nembo.png">` ndani yake haina pa kuanzia. Milisho ya habari imegawanyika: Atom, RFC 4287 ya mwaka 2005, inakubali `xml:base` ili mwandishi ataje msingi wake waziwazi, wakati kwenye RSS kila msomaji hukisia kivyake viungo vilivyo ndani ya maelezo.

Kwenye kila mradi unaogusa anwani naweka jedwali la RFC 3986 kama majaribio, yanayoendeshwa dhidi ya maktaba iliyopo, kisha naongeza mistari yangu: `?y` kwa ajili ya Java, `/\` kwa ajili ya vivinjari, `sura:kwanza.html`, msingi usio na mkwaju, na maandishi matupu. Hayo ya mwisho yanadharauliwa sana. Anwani tegemezi tupu ni halali, na maana yake ni "hapahapa". Dhidi ya `http://a/b#c`, kivinjari kinatoa `http://a/b`, kwa sababu kipande cha baada ya alama ya reli hakiazimwi kamwe. `urljoin` ya Python inatoa `http://a/b#c`, kwa kuwa ikikuta tupu inarudisha msingi bila kuugusa. Kama programu yako inatambua kurasa ilizokwisha kutembelea kwa kulinganisha anwani, hizo ni kurasa mbili, na itaupakua ukurasa mmoja mara mbili.